Jani la Mwisho Kabla ya Ua

Anayekuza okidi ya sapatu huulizwa swali moja kuliko mengine yote: itachanua lini? Mara nyingi naye hulitafutia jibu kwenye tumba, mahali ambapo jibu hilo limekwisha kupita. Tumba likionekana, kuchanua kumeshaanza zamani, na aliyekuwa akilingoja ndipo ajue amechelewa kwa miezi, pengine kwa miaka. Hoja yangu ni kwamba dalili za kweli ziko kwenye majani: upana wake, idadi yake, urefu wa lile la mwisho, na namna linavyokaa katikati ya wenzake. Dalili hizi hazina rangi ya kuvutia, kwa hiyo wengi hawazitazami, na hawaoni kama wamepoteza kitu. Mimi naona wamepoteza kikubwa. Jicho lililozoea kutafuta ua pekee ndilo lililochangia kuiharibu jamii hii ya mimea porini, tena mikononi mwa watu waliodai kuipenda kupita kiasi. Hayo ni madai mazito, na siwezi kuyatetea bila kuanza na mmea wenyewe.

Okidi za sapatu ni jenasi tano tu katika familia kubwa mno ya okidi. Kuna Cypripedium ya nchi za baridi za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Paphiopedilum ya Asia yenye joto, kuanzia India na kusini mwa China hadi Guinea Mpya na Visiwa vya Solomon. Phragmipedium na Selenipedium za Amerika ya Kati na Kusini. Na Mexipedium ya Meksiko, yenye spishi moja pekee. Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ina okidi nyingi za aina nyingine, lakini hakuna ya sapatu iliyoota kwa asili katika ardhi yake. Okidi za sapatu hutambulika kwa petali moja iliyojikunja ikawa mfuko. Wanaozilea vyunguni wengi wao wana Paphiopedilum, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Haina kiazi cha kuweka akiba ya maji kama okidi nyingi za mitini. Ina shada la majani yaliyopangana pande mbili na mizizi michache yenye manyoya. Kila shada huchanua mara moja tu. Ua hutoka katikati, na baada ya hapo shada halitoi jani wala ua tena. Kazi iliyobaki ni kulisha chipukizi linalotoka ubavuni. Aliyekulia karibu na migomba hahitaji maelezo zaidi. Mgomba nao huzaa mara moja ukaacha machipukizi, na mkulima wa Bukoba au Rungwe hangoji mkungu utokeze ndipo ajue. Huona jani la mwisho limekuja fupi, limesimama wima kuliko yaliyotangulia, akajua mkungu uko ndani unapanda. Mimea hii miwili haina undugu wa karibu, lakini katika hili inafuata kanuni moja: ncha inayokua ikishageuka kuwa ua hairudi kutengeneza majani, na jani la mwisho hubeba habari za mgeuko huo.

Habari hizo zinasomeka, ila zinataka kutazamwa kwa karibu. Shada changa la Paphiopedilum hutoa jani jipya likiwa limekunjwa katikati, kingo zake mbili zimeshikana, na kwenye ncha kuna mkato mdogo sana ambao upande mmoja wake umezidi mwingine. Baada ya siku kadhaa kingo huachana, na ndani yake unaonekana mwanzo wa jani linalofuata. Mambo huenda hivyo, jani baada ya jani, shada likizidi kupanuka. Kisha huja jani lisiloendelea: dogo kuliko yaliyolitangulia, limebaki karibu kabisa na moyo wa shada. Si kila mmea hufanya hivyo, lakini mingi hufanya. Baada yake hutokeza kitu ambacho mgeni hukidhania jani jingine, nacho si jani. Ni bapa, kinene kidogo katikati, rangi yake kijani kilichopauka, pengine na madoa ya zambarau kuelekea chini, na kingo zake haziachani hata ukingoja. Hiyo ndiyo ala ya ua. Ukiimulika kwa kurunzi kutoka nyuma, ala tupu hupitisha mwanga. Yenye tumba ina kivuli kidogo cha mviringo chini kabisa. Wiki zikipita, na kwa baadhi ya spishi miezi, kivuli hupanda mpaka tumba likapenya kwenye ncha, limeinamisha kichwa, juu ya kikonyo chenye manyoya. Kikonyo hurefuka, tumba huinuka. Kuanzia hapo chungu hakigeuzwi tena, maana kila kikigeuzwa tumba nalo hujipinda kuufuata mwanga. Siku ya kuchanua sepali ya juu huachia kwanza, petali za ubavuni zikafuata, na ule mfuko, ambao mwanzoni ni mdogo na umekunjamana, hutuna taratibu mpaka ukapata umbo lake.

Hata hivyo, ala yenyewe ni habari ya jana. Kabla haijatokeza, mmea ulikuwa umeshapita mitihani miwili. Wa kwanza ni ukomavu. Wakuzaji wazoefu wana kipimo rahisi ambacho sijaona kikishindwa na kingine: linganisha shada jipya na lile lililochanua kabla yake. Likiwa limelifikia kwa upana na kwa idadi ya majani, liko tayari. Likiwa dogo, hakuna mbolea itakayoliharakisha. Mtihani wa pili ni majira, na hapa spishi zinatofautiana sana. Paphiopedilum insigne, iliyotoka milima ya kaskazini-mashariki mwa India na kupelekwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, hutaka usiku wa baridi, kiasi cha nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, ndipo ianze kuunda ua. Ukiiweka sebuleni penye joto mwaka mzima utapata majani mazuri na si zaidi. Mahuluti ya kundi la Maudiae, yenye majani ya madoadoa, hayajali sana baridi. Shada likikomaa huchanua. Halafu kuna Paphiopedilum rothschildianum ya miteremko ya Mlima Kinabalu, Borneo, ambayo ikianzia kwenye mbegu huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla ya ua la kwanza. Aliyenayo na hajui kusoma majani atakaa muongo mzima akiamini kwamba hakuna kinachotokea, ilhali kila shada jipya linakuja pana kuliko lililopita, na kila moja linasema wazi mmea umefika wapi.

Mtu anaweza kupinga kwamba dalili hizi hudanganya. Ni kweli kwamba ala hukauka ikiwa tupu, na kwamba tumba lililoonekana vizuri kwenye mwanga wa kurunzi hugeuka kahawia likafa kabla halijatoka. Basi kuna faida gani kusoma kitu kisichotimiza? Pingamizi hili linachukulia kwamba dalili ni ahadi. Ala haikuahidi ua. Ilieleza hali ya mmea siku ile. Ikifa, kuna sababu, na sababu nyingi zinajulikana: maji yaliyotuama katika moyo wa shada yakaozesha tumba, mizizi iliyokufa kimyakimya ndani ya gamba la mti lililooza, joto la ghafla, au shada lililoanza kuunda ua kabla halijawa na nguvu za kulibeba. Anayejua majani hurudi kwenye majani, akafukua mizizi, akaona kilichopungua, na chipukizi linalofuata likapata nafuu. Aliyekuwa akingoja ua peke yake hana pa kurudi. Kwake kilichotokea ni hasara tu, na mara nyingi mmea mzima hutupwa, pamoja na chipukizi lililokuwa limeshaanza ubavuni mwa shada lile.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Vitalu vya biashara vimeshaifanya okidi itii ratiba. Phalaenopsis, zile zinazouzwa madukani kwa mamilioni, hupunguziwa joto kwa wiki kadhaa nazo zikatoa vikonyo karibu siku moja, maelfu kwa mpigo. Kwa nini mtu ajifunze kusoma kitu ambacho mashine inaweza kukiamuru? Jibu liko katika tabia ya okidi za sapatu zenyewe. Phalaenopsis huzalishwa kwa kukata kipande kidogo cha mmea na kukizidisha maabara, kwa hiyo mimea 1,000 huwa ni mmea mmoja uliorudiwa mara 1,000. Paphiopedilum imekuwa ngumu sana kuzidishwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya iliyoko sokoni imetokana na mbegu, zinazooteshwa kwa njia ambayo Lewis Knudson wa Marekani aliitangaza mwaka 1922: kwenye chupa safi yenye sukari na madini, badala ya kuvu ambao mbegu hizo huutegemea porini. Mche wa mbegu una urithi wake wenyewe. Miwili ya tunda moja, kwenye meza moja, ikimwagiliwa kwa mkono mmoja, huweza kupishana miaka kadhaa kuchanua. Hakuna kitufe cha kubonyeza kwa yote. Kila chungu husomwa peke yake, na naliona hilo kuwa heshima ya mmea huu.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi linatoka kwa wanabotania. Watasema, na hawakosei, kwamba bila ua hata mtaalamu hajui anachokitazama. Mwaka 1964 shehena ya mimea iliyodhaniwa kuwa Paphiopedilum callosum ilifika Ujerumani kutoka Thailand. Miongoni mwake kulikuwa na spishi ambayo sayansi haikuwa imeijua, na leo inaitwa Paphiopedilum sukhakulii. Majani ya hizo mbili yanafanana kiasi cha kusafiri sanduku moja. Ua ndilo hutoa jina. Nakubali, na wala sisemi ua halina thamani. Nasema jina na hali ni maswali mawili. Jani huenda lisikuambie mmea ni nani, lakini litakuambia una umri gani, umekula nini, umekaa wapi na uko karibu na nini. Tena ua nalo si shahidi mwepesi kama tunavyodhani. Charles Darwin, katika kitabu chake cha okidi cha mwaka 1862, alikuwa na ua la sapatu mbele yake na akalielewa vibaya: alidhani mdudu husimama nje na kuingiza mrija wake kupitia moja ya matundu madogo ya nyuma. Asa Gray, aliyekuwa akichunguza spishi za Marekani, alipendekeza kinyume, kwamba mdudu huingia kwa mdomo mpana wa mfuko na kutoka kwa tundu dogo. Darwin akatia nyuki mdogo ndani ya mfuko, akamwona akihangaika kwenye kuta zinazoteleza, kisha akitokea kwa nyuma amepakwa chavua, na toleo la 1877 likarekebishwa. Kwa nzi wa maua wa Mlima Kinabalu udanganyifu ni mkubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulionesha kwamba wao hutaga mayai yao ndani ya ua la rothschildianum, kwenye sehemu inayofanana na kundi la vidukari, chakula cha mabuu wao. Mabuu wanaoanguliwa humo hawana cha kula. Ua limeundwa livute jicho, na jicho lililovutwa halichunguzi.

Hapa ndipo yale madai niliyoanza nayo yanapoangukia. Anayetaka ua hutaka mmea uliokomaa, na anautaka sasa. Kitalu chenye uaminifu hakiwezi kumpa upesi, kwa sababu mche wa mbegu unadai miaka yake. Mchimbaji wa porini anaweza kumpa kesho. Paphiopedilum vietnamense ilipewa jina mwaka 1999. Katika miaka michache tu baada ya picha zake kuenea, makazi yake machache ya mawe ya chokaa kaskazini mwa Vietnam yalikuwa yamekombwa, na leo haijulikani kama imebaki popote porini. Paphiopedilum delenatii ya nchi hiyohiyo ilifika Ufaransa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikapotea porini kwa muda mrefu, na kwa miongo mingi ikaendelea kuwepo duniani kwa mbegu za mmea uliotunzwa kitaluni. Ilipoonekana tena kusini mwa Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilichimbwa kwa wingi na kupelekwa nje, ingawa miche halali ilikuwepo miaka yote hiyo. Tangu Januari 1990 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya Paphiopedilum na Phragmipedium zilizotolewa porini. Lakini sheria hiyo inategemea macho ya watu: ya ofisa forodhani, ya muuzaji, ya mnunuzi. Na mmea unaosafirishwa kwa magendo hauna ua. Una majani.

Majani hayo husema. Mmea wa kitaluni huwa na majani safi, yanayolingana, na mizizi iliyojizungusha kufuata ukuta wa chungu. Uliong'olewa porini una matundu ya wadudu, makovu ya zamani, kuvumwani na ukungu kwenye majani ya chini, mizizi iliyokatwa au iliyokufa yote kwa pamoja, na chipukizi jipya lililo dogo kuliko mashada yaliyolitangulia, kwa sababu mmea ulipoteza nguvu ulipong'olewa. Huyo anayejua kulinganisha shada jipya na la zamani ili ajue kama ua liko njiani tayari anacho kipimo cha kutambua wizi, kwa sababu ni usomaji uleule. Tuna sababu ya kulifikiria hili hata huku kwetu. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zina okidi za ardhini ambazo viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inasifika kwa maua yake ya msimu wa mvua. Kiazi kilichomo guniani hakina ua wala jani, na hapo aliyejua okidi kwa ua tu hana la kusema.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote unatoka Uingereza. Okidi ya sapatu ya Ulaya, Cypripedium calceolus, ilichumwa na kung'olewa huko kwa vizazi hadi mwaka 1917 ikatangazwa kuwa imetoweka. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja katika mabonde ya Yorkshire, mmoja tu, na mahali pake pakafanywa siri inayolindwa kwa zamu. Wanasayansi wa bustani ya Kew walijifunza kuotesha mbegu maabara, miche ya kwanza ikapandwa nje mwaka 1989, na ua la kwanza la mche uliorudishwa likachanua mwaka 2000. Kwa miaka 11 hapakuwa na cha kumwonesha mgeni isipokuwa majani yanayotoka majira ya kuchipua na kufa kabla ya baridi. Mtu angeweza kusema hiyo ni miaka 11 ya kungoja bure. Lakini Cypripedium huunda chipukizi la mwaka ujao chini ya ardhi mwaka mmoja kabla, na ua likiwemo, limo humo tayari, dogo mno, limekunjwa kwenye udongo wakati theluji inaanguka juu yake. Chakula cha kuliunda kilitoka kwenye majani ya kiangazi kilichotangulia. Konokono wasio na gamba wakiyala majani hayo Julai, ua la Juni ijayo limekwisha kufa, na hakuna atakayejua mpaka mwaka upite. Ndiyo maana kazi kubwa ya kulinda mmea huu huanguka baada ya maua kunyauka na wapiga picha kurudi makwao: kuzuia konokono, kung'oa magugu yanayofunika mwanga, na kuhakikisha kila jani linabaki kijani hadi vuli.